Kompyuta, Nasaba na Mwaka wa Nzige

Mzee wa Mugango akiulizwa alizaliwa lini, jibu lake mara nyingi haliwi tarehe bali tukio. Atasema alizaliwa nzige walipokuwa wamekwisha pita, au wakati ziwa lilipokuwa juu, au kwamba mama yake alikuwa bado na mimba yake misheni ilipofunguliwa. Jibu la namna hiyo lina elimu ndani yake, kwa maana linataja jambo linaloweza kuchunguzwa na kulinganishwa na habari nyingine. Lakini kijana aliyeketi mbele ya kompyuta akijaza orodha ya ukoo wake hulipokea kama upungufu, kwa sababu programu anayoitumia imemwekea nafasi tatu tupu: siku, mwezi na mwaka. Basi hufikiri kidogo, huchagua 1930, na pale mashine inapokataa kuendelea bila siku na mwezi huandika 1 Januari. Katika nusu dakika hiyo mambo mawili yametendeka. Habari ya kweli imetupwa, na mahali pake imekaa habari isiyojulikana na mtu yeyote, ikiwa imevikwa sura ya hakika.

Programu za kutunza nasaba sasa zinapatikana bure, na vijana wengi wenye asili ya Mara, walioko nyumbani na walioko mbali, wanazitumia kuandika majina ya mababu kabla hayajapotea. Kazi hiyo ni njema na yastahili kusifiwa. Inayotiliwa shaka hapa ni desturi moja tu iliyomo ndani yake, nayo ni ile ya kuilazimisha tarehe isiyojulikana iwe inayojulikana.

Ajabu ni kwamba mwanafunzi yuleyule, katika chumba cha fizikia, hawezi kufanya hivyo bila kukaripiwa. Akipima urefu wa waya kwa rula hufundishwa kuandika sentimeta 12.4, zaidi au pungufu kwa 0.1. Akiandika 12.4137 mwalimu humkata alama, kwa kuwa rula yake haina uwezo wa kuona tarakimu hizo. Ndivyo wafanyavyo hata wataalamu wakubwa. Fuvu lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959 lilikadiriwa umri wake mwaka 1961 kwa kupima majivu ya volkano kwa njia ya potasiamu na agoni, na jibu lilikuwa kiasi cha miaka milioni 1.75. Hakuna aliyeuliza mwezi. Kumbukumbu ya mzee nayo ni chombo cha kupimia. Ina usahihi wake na ina mipaka yake, na hekima ni kuandika vyote viwili.

Mfano mzuri uko karibu sana na Mugango. Maji yachotwayo ziwani Mugango husukumwa kwa mabomba hadi Kiabakari na Butiama, na Butiama ndiko alikozaliwa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Tarehe ya kuzaliwa kwake inajulikana na kila mwanafunzi: 13 Aprili 1922. Jina la Kambarage ni la mzimu wa mvua katika imani za Wazanaki, na Aprili ni mwezi wa masika. Jina na tarehe havipingani. Sasa na atazamwe baba yake, Mtemi Nyerere Burito. Yeye vitabu humpa mwaka 1860, bila siku wala mwezi. Jina lake Nyerere maana yake ni viwavi, naye alipewa kwa sababu alizaliwa wakati viwavi walipoivamia nchi. Mama yake Mwalimu, Mgaya wa Nyang'ombe, huandikwa kuwa alizaliwa mwaka 1892 na kuolewa mwaka 1907 akiwa na umri wa miaka 15.

Namba hizi tatu hazina uzito sawa, ingawa katika skrini ya kompyuta zinafanana kama punje za mtama. Ya Mwalimu ni siku moja iliyotajwa. Ya baba yake inaishia na sifuri, na msomaji mwangalifu ana haki ya kuuliza kama si makadirio yaliyofanywa baadaye sana na watu waliojua kwamba Mtemi alifariki mwaka 1942 akiwa mzee. Kuhusu mama, tarakimu za 1892, 1907 na 15 zimefungamana: ukiwa na mbili, ya tatu hupatikana kwa kutoa tu. Kwa hiyo mbili kati yake zaweza kuwa ushahidi, lakini moja huenda ni hesabu. Ipi? Anayenakili mwaka 1892 peke yake katika programu ya nasaba amekwisha lizima swali hilo. Na katika habari zote za Mtemi Burito, yenye thamani kubwa kuliko zote kwa mwanahistoria huenda si 1860 bali ni viwavi. Maana siku moja mtu anaweza kukuta viwavi hao wametajwa katika masimulizi ya ukoo mwingine, au katika masimulizi ya Waikizu au Wajita, wakiwa wameunganishwa na jambo lenye tarehe.

Inafaa ijulikane kwamba waliounda kanuni za programu hizi walikwisha liona tatizo. Kanuni inayotumiwa zaidi kuhamisha nasaba kutoka programu moja hadi nyingine ni GEDCOM, iliyotolewa mwaka 1984 na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho nchini Marekani. Ndani yake zimo alama fupi zinazotangulia tarehe. BEF humaanisha kabla ya, na AFT baada ya. ABT ni takriban. CAL ni tarehe iliyopatikana kwa hesabu, kama ile ya kutoa umri kutoka mwaka wa ndoa; EST ni makadirio. Kuna BET na AND, yaani kati ya mwaka huu na ule, na kuna FROM na TO, yaani kuanzia mwaka huu hadi ule.

Jozi hizo mbili za mwisho huchanganywa mno, na walimu wangefanya vema kukazia tofauti yake. Anayesema kwamba mtu alizaliwa kati ya 1918 na 1921 anasema jambo lilitokea mara moja, siku moja, ila siku yenyewe haijulikani ndani ya muda huo. Anayesema mtu alikuwa karani kuanzia 1918 hadi 1921 anasema jambo lilidumu muda wote huo. Ya kwanza ni kutojua. Ya pili ni kujua. Programu inayoonyesha zote mbili kwa kistari kimoja, 1918–1921, inamdanganya msomaji bila kusema neno la uongo.

Toleo la 7.0 la GEDCOM, lililotoka mwaka 2021, linaruhusu tarehe ifuatane na maneno ya kawaida kama yalivyosemwa. Kwa hiyo kijana wa Mugango anaweza kuandika mipaka ya miaka kwa ajili ya mashine na kando yake akaweka sauti ya bibi yake: mwaka wa nzige wa pili. Programu ya Gramps, ambayo ni ya bure na chanzo chake kiko wazi, inazo namna zote hizo za tarehe. Mashine basi haina lawama kubwa. Mazoea ndiyo yenye lawama, pamoja na zile programu na fomu duni zisizokubali chochote isipokuwa siku kamili.

Kati ya alama hizo zote, inayopendwa kuliko zote ni takriban. Na hiyo ndiyo ingefaa kuachwa kwanza. Huonekana ya unyenyekevu, lakini haina upana. Takriban 1920 kwa mtu mmoja ni 1918 hadi 1922. Kwa mwingine ni 1910 hadi 1930. Na aliyeiandika akiisha kufa hakuna wa kuulizwa. Ushahidi wa jambo hili umo ndani ya Gramps yenyewe, ambamo mtumiaji hupewa nafasi ya kuchagua takriban ihesabiwe kuwa miaka mingapi. Neno ambalo upana wake huchaguliwa na msomaji, si na mwandishi, halifai kuwa kipimo. Heri kuandika mipaka miwili, wa chini na wa juu, na kando yake sababu ya kila mpaka.

Namna ya kuipata mipaka hiyo yaweza kuonyeshwa kwa mfano wa kubuni. Mwanafunzi anaandika habari za bibi mzaa babu yake, ambaye amekwisha fariki. Watoto wake wanakumbuka kauli zake mbili. Ya kwanza, kwamba nzige walipokuja alikuwa msichana mdogo wa kutumwa maji. Ya pili, kwamba alikwisha zaa mtoto wake wa kwanza Wamennonite walipofungua misheni Mugango.

Nzige waliisumbua Afrika Mashariki kwa mfululizo kuanzia mwaka 1928, na makundi yaliendelea kuja katika miaka ya mwanzo ya 1930. Muda huo na uwekwe kuwa 1928 hadi 1934. Msichana wa kutumwa maji na awe wa miaka 6 hadi 10. Basi mapema kabisa alizaliwa 1928 kutoa 10, yaani 1918. Na mwisho kabisa 1934 kutoa 6, yaani 1928. Kauli ya kwanza imeleta muda wa miaka kumi. Misheni ya Mugango ilianzishwa mwaka 1936, baada ya ile ya Shirati ya mwaka 1934. Ikiwa bibi alikuwa na mtoto kabla ya hapo, na ikakubaliwa kwamba hakuzaa chini ya umri wa miaka 15, hakuweza kuzaliwa baada ya 1921. Kauli mbili zikiwekwa pamoja, sehemu zinapokutana ni kati ya 1918 na 1921. Kwa kumbukumbu ya mdomo, muda wa miaka mitatu ni mwembamba kuliko wengi wanavyotazamia.

Hesabu haiishii hapo, na hapa ndipo mwalimu wa hisabati atakapofurahi. Kama bibi alizaliwa si baada ya 1921, na nzige waliokumbukwa walimkuta akiwa na miaka isiyozidi 10, basi nzige hao hawakuwa wa baada ya 1931. Habari ya mtu imerudi nyuma na kuipunguzia shaka habari ya nchi. Wanafunzi ishirini wakifanya hivyo kwa mabibi ishirini wa kata moja, kalenda ya matukio ya Mugango itakuwa sahihi zaidi kuliko ilivyokuwa walipoanza.

Na ikigunduliwa baadaye kwamba kauli ya pili haikuwa ya bibi huyo bali ya dada yake? Hapo mpaka wa 1921 huondolewa, na muda hurudi kuwa 1918 hadi 1928. Hakuna kilichoharibika. Lakini jambo hilo linawezekana kwa sababu tu sababu za mipaka ziliandikwa. Aliyeandika 1920 peke yake hana cha kusahihisha. Ana namba iliyo yatima.

Ipo hatari nyingine inayohitaji uangalifu, nayo ni tukio linalojirudia. Wenyeji wa pwani ya ziwa hukumbuka mwaka ambao maji yalipanda yakafunika mashamba na kuwahamisha watu. Kwa wengi huo ni wakati wa mvua kubwa za Uhuru: kati ya Oktoba 1961 na Mei 1964 uso wa Ziwa Viktoria ulipanda kwa karibu meta 2.5. Lakini vipimo vya kina cha ziwa, ambavyo vimewekwa tangu mwaka 1896, vinaonyesha kwamba maji yalikuwa juu pia mwaka 1917, yakapanda tena baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, na mwezi Mei 2020 yakafikia kiwango cha 1964. Mtu akisema babu alizaliwa ziwa lilipopanda, yawezekana ni 1917 na yawezekana ni 1962. Kuandika kati ya 1917 na 1962 ni kosa, maana hakuna anayedai kwamba alizaliwa mwaka 1940. Hilo si suala la muda, ni suala la kuchagua moja kati ya mbili.

Uganda ina mfano mashuhuri wa jambo hilo. Masimulizi ya Nkore husema kwamba mtawala wa Bunyoro alipokuwa akirudi vitani jua lilifunikwa ghafula huko Biharwe, karibu na Mbarara ya leo, naye akaogopa akakimbia na kuacha ng'ombe aliowateka. Kupatwa kwa jua kunaweza kuhesabiwa kinyumenyume kwa usahihi mkubwa, kwa hiyo wataalamu walitafuta siku yenyewe. Mmoja alipendekeza 1492; wengine walipendekeza 17 Aprili 1520, na hiyo ndiyo itajwayo zaidi leo. Jua halikupatwa pole pole kwa miaka 28. Hivyo GEDCOM, pamoja na wema wake wote, haina alama ifaayo hapa. Iliyo nayo ni kanuni nyingine ya tarehe, iliyoandaliwa na Maktaba ya Bunge la Marekani pamoja na wataalamu wengine, ikaingizwa mwaka 2019 katika kiwango cha kimataifa cha ISO 8601-2. Humo huandikwa [1492,1520], maana yake moja kati ya hizi. Huandikwa pia 192X kwa mwaka usiojulikana katika mwongo wa 1920, na 1920? kwa mwaka unaotiliwa shaka. Ni lugha fupi ya kuandika kutojua, na kidato cha kwanza wanaweza kuisoma baada ya somo moja.

Huko mwambao, kwenye nasaba zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, shida huja kwa njia nyingine. Mwaka wa 1300 wa Hijria ulianza mwishoni mwa 1882 ukaisha mwishoni mwa 1883. Anayeugeuza kuwa 1883 amechagua. Aliyeandika kati ya 1882 na 1883 amefasiri. Hata usiku wa Jumamosi una utata, kwa sababu kwa waanzao kuhesabu siku jua linapotua ni ule usiku unaotangulia mchana wa Jumamosi, na kwa wengine ni ule unaoufuata. Lakini hayo ni madogo ukilinganisha na kizazi kizima kisicho na cheti.

Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilitungwa Tanganyika mwaka 1920, lakini kwa muda mrefu Waafrika walio wengi hawakuguswa nayo. Vitabu vya ubatizo vilisaidia kidogo. Hata hivyo, tarehe ya ubatizo ni mpaka wa juu tu wa kuzaliwa, yaani mtu alikwisha zaliwa kabla yake, na mpaka huo waweza kuwa mbali sana. Mwalimu Nyerere alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943, akiwa na umri wa miaka 21. Mwandishi wa nasaba anayechukua tarehe ya ubatizo akaiweka katika nafasi ya kuzaliwa, kama wafanyavyo baadhi ya watu, angempunguzia Mwalimu umri kwa miaka hiyo yote.

Leo Namba ya Utambulisho wa Taifa ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Serikali ina sababu nzuri za kutaka hivyo. Mfanyakazi wa umma hustaafu kwa lazima akitimiza miaka 60, na ofisi haiwezi kulipa mafao kwa kipimo cha nzige. Mahitaji ya ofisi na mahitaji ya elimu ni mambo mawili, na kosa ni kuyachanganya. Ofisi huhitaji siku moja ili ifanye uamuzi. Siku hiyo ni makubaliano. Nasaba huhitaji kilichojulikana. Tarehe ya kitambulisho inapohamishiwa katika mti wa ukoo bila maelezo, makubaliano hugeuka historia, na baada ya miaka hamsini wajukuu watashangaa kwa nini wazee wengi wa ukoo walizaliwa siku ya Mwaka Mpya.

Wala si mshangao tu. Katika ugomvi wa mirathi, jambo linaloulizwa mara nyingi si mwaka bali utaratibu: nani alitangulia, mtoto wa nyumba kubwa au wa nyumba ndogo, na shamba la kando ya ziwa lilifyekwa kabla au baada ya watu kuhamishiwa vijijini katika Operesheni ya miaka ya 1973 hadi 1976. Wazee hukumbuka utaratibu vizuri sana hata pale wasipokumbuka mwaka wowote. Sasa mjukuu mwenye kompyuta, kwa nia njema kabisa, akimpa mmoja 1940 na mwingine 1938 kwa kubahatisha, ameupindua utaratibu ambao familia nzima iliujua, na karatasi iliyochapwa huwa na nguvu barazani kuliko inavyostahili. Angaliandika tu kwamba huyu alizaliwa kabla ya yule, angalikuwa ameandika kweli yote.

Kuna jaribio rahisi la kutambua orodha ya namna hiyo. Wataalamu wa idadi ya watu wanajua kwamba mtu asiyejua umri wake hupenda kutaja namba inayoishia na 0 au 5, nao hulipima pendeleo hilo kwa kipimo kiitwacho cha Whipple. Huchukuliwa watu wote wa miaka 23 hadi 62. Wenye umri unaoishia na 0 au 5 huhesabiwa, idadi yao huzidishwa kwa 5, hugawanywa kwa idadi ya wote, kisha huzidishwa kwa 100. Jibu la 100 huonyesha kwamba hakuna pendeleo. Jibu la 500 huonyesha kwamba kila mtu ametaja 0 au 5. Mwanafunzi anaweza kuigeuza kanuni hiyo kidogo na kuitumia kwa miaka ya kuzaliwa katika ukoo wake. Kati ya watu mia, wenye mwaka unaoishia na 0 au 5 wangepaswa kuwa kiasi cha ishirini. Wakiwa sitini, ukoo huo haukuandikwa, umekadiriwa.

Wapo wanaopinga. Husema kwamba kompyuta haiwezi kupanga watu kwa mfuatano kama tarehe zao ni mapana, na kwamba mti wa ukoo uliojaa kati ya na kabla ya huchosha macho na kuwavunja moyo vijana. La kwanza si kweli, maana programu nzuri hutumia tarehe moja ya ndani kwa kupangia tu na huendelea kumwonyesha msomaji muda wote. La pili lina ukweli. Mtu hupenda kuona namba. Lakini mti uliojaa namba za kubuni nao utavunja moyo, siku mjukuu atakapokuta kwamba kwa mujibu wa faili lake mama alizaliwa miaka minne tu kabla ya mwanawe.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la upande wa pili: kwamba mipaka inaweza kuwa kichaka cha uvivu. Anayeandika kati ya 1850 na 1950 hajasema uongo, na hajasema kitu. Hilo ni kweli, na hasa kwa mababu wa mbali, ambako hakuna tukio la kushika na watu hukimbilia kuhesabu vizazi. Wanaotoa kila kizazi miaka 27 na wanaotoa miaka 30 huachana kwa miaka 24 wakifika kizazi cha nane, na hapo haijahesabiwa desturi ya masimulizi kuruka majina ya watu wasio maarufu au kuwapanga ndugu kama baba na mwana. Mwanahistoria David Henige aliandika kitabu kizima juu ya hatari hizo mwaka 1974. Kwa vizazi hivyo vya mbali afadhali kuacha nafasi ya mwaka wazi na kuandika majina kwa utaratibu wake. Nafasi iliyo wazi si aibu.

Shule za sekondari za Mugango na kata jirani ziko mahali pazuri pa kuanza kazi hii kwa utaratibu, na muda uliobaki ni mfupi. Aliyezaliwa mwaka ziwa lilipoanza kupanda kwa mvua za Uhuru amekwisha pita miaka sitini. Aliyewaona nzige wa 1930 kwa macho yake ni nadra kupatikana. Kinachotakiwa kwanza si kompyuta. Ni karatasi moja kubwa ukutani yenye matukio ambayo tarehe zake zinajulikana bila ubishi: sotoka iliyoua ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890, kutekwa kwa Mwanza na majeshi ya Waingereza Julai 1916, homa kuu ya mafua ya 1918 na 1919, nzige, misheni ya 1936, Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, maji ya ziwa, Azimio la Arusha la Februari 1967, Operesheni Vijiji, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, mazishi ya Mwalimu huko Butiama Oktoba 1999. Kwa jirani wenye marika yenye majina, kama Wakurya, majina hayo yaongezwe na mzee mwenyewe, kwa matamshi yake.

Kisha mwanafunzi aende kwa mzee na daftari, amwamkie kama ipasavyo, wala asianze kwa kuuliza mwaka. Aulize: nani alizaliwa kabla yako na nani baada yako? Wakati wa jambo hili ulikuwa unanyonya, unachunga, au umekwisha oa? Nani mwingine wa rika lako yupo hai? Majibu yaandikwe kama yalivyotamkwa, kwa Kijita, Kikwaya, Kiruri au Kiswahili, pamoja na jina la msemaji na siku aliposema. Hesabu ya mipaka ifanywe baadaye darasani, kwa kalamu ya risasi, na mwanafunzi mwingine aikague. Kompyuta iwe ya mwisho, na katika nafasi ya tarehe iingie mipaka miwili, na chini yake, katika nafasi ya maelezo ambayo karibu kila programu inayo na karibu kila mtumiaji huiacha tupu, yaingie maneno ya mzee.